Mazabodi ya Bi Mkubwa

Ndugu msomaji, kabla sijakusimulia kisa hiki naomba nikiri jambo moja. Mimi ni mwandishi ambaye hajachapisha kitu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanirudisha nyumbani Kitete, hapa hapa Tabora mjini, na tangu hapo nina kaunta buku tatu zilizojaa riwaya moja isiyokwisha. Washikaji wa kijiweni wananiita Profesa, tena kwa kejeli. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa na mama yake mzazi bahasha ya kaki yenye shilingi 400,000, mwezi Agosti mwaka 2025, akaambiwa: "Baba, katafute vitu vya kuifufua ile kompyuta. Wewe ndiye mwenye macho."

Laki nne. Kwa mwingine ni hela ya wikiendi. Kwa mama ilikuwa ni hela ya kudunduliza, noti ya elfu mbili juu ya noti ya elfu mbili, nyingine bado zina alama ya kukunjwa mara nne kama zinavyotoka kwenye vitambaa vya wateja wake. Niliihesabu mara mbili mbele yake, akanizuia nisihesabu ya tatu.

Nikueleze mama ni nani. Aliajiriwa serikalini miaka ya 1980 akiwa mpiga chapa. Enzi hizo kompyuta ilikuwa hadithi tu, maana tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini, na mambo yalikuja kulegea miaka ya 1990. Kwa hiyo vidole vya mama vilikomaa kwenye taipureta. Anachapa bila kutazama, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride, na hati mkato anaiandika mpaka leo. Alipostaafu akafungua steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, si mbali na Hospitali ya Kitete. Anachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, mihtasari ya vikao vya ukoo. Na ule msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana wanapanga foleni kuanzia barazani, maana maombi yenyewe siku hizi yanafanyika mtandaoni.

Tatizo lilikuwa mashine. Ilikuwa kuukuu, ya mtumba, inatumia Windows 7. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kisimani, ukarudi na ndoo, ukaikuta bado inajikongoja. Halafu ilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Umeme ukikatika tu, na unajua umeme wetu, saa yake inarudi tarehe 1 Januari 2009. Kuna kijana alipeleka barua ya kuomba kazi yenye tarehe ya mwaka 2009, akaambiwa na waliompokea kwamba amechelewa kidogo. Mtaa mzima ulicheka. Mama hakucheka.

Lakini lililomuumiza ni jingine. Binti mmoja alikuja kujaza maombi yake ya mkopo. Ukurasa ukafunguka nusu, vitufe havibonyezeki. Sababu niliijua baadaye: tangu mwanzoni mwa 2023 Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili ya Windows 7, na kurasa nyingi za siku hizi zinamtazama mwenye kivinjari cha zamani kama mgeni asiye na kitambulisho. Wakahangaika saa nzima, kisha mashine ikaganda. Binti akachukua vyeti vyake, akasema asante mama, akavuka barabara kwenda duka la pili. Mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka alipoingia. Usiku ule hakula. Kesho yake ndipo bahasha ilipotoka.

Sasa hapa ndipo ninapotaka uwe hakimu. Mwana mwema angekaa chini akajiuliza: mama anahitaji nini? Mimi nilijiuliza: hii mashine itanifaa vipi mimi? Nilijiona usiku, steshenari imefungwa, mimi mwandishi nimekaa mbele ya kompyuta kali, riwaya yangu inatiririka, na nikichoka nacheza mpira wa kwenye skrini na washikaji. Niliandika kwenye karatasi "i7", nikaikata, nikaandika "i5", nikaikata kwa uchungu, nikaishia "i3" na kujiona nimejinyima sana kwa ajili ya mzazi. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilikuwa nachagua jembe la mtu mwingine, na shamba lake sijalitembelea.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kwa ufupi. Ndani ya lile kasha la kompyuta kuna ubao mpana ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Mafundi wetu wanauita mazabodi. Na kwa kuwa maza kijiweni ni mama, nami naona jina limekaa pake: ndiye anayebeba wote na kuwaunganisha wote. Juu yake inakaa prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote. Mashine ya mama ilikuwa ya zamani mno. Hakuna prosesa ya maana ambayo ingekubali mazabodi ile, na hata ramu yake ni ya aina iliyopitwa na wakati. Kwa hiyo vitatu vilitakiwa pamoja: mazabodi, prosesa, ramu. Kasha, skrini, kibodi na printa vingebaki.

Nilimpata muuzaji wa Dar es Salaam kwa simu. Akanitumia picha ya mazabodi iliyotumika, H110, kwa shilingi 110,000. Kwa muuzaji mwingine nikapata prosesa, i3-8100, kwa 120,000. Nikajifanya mjanja, nikachunguza. Soketi ya mazabodi: 1151. Soketi ya prosesa: 1151. Nikapiga mluzi. Mimi ni nani nisione kitu kinacholingana! Ramu ya GB 8 nikaipata kwa 60,000, na gharama za kutuma na za kupakua zikala 10,000. Jumla laki tatu. Kwenye bahasha ikabaki laki moja, nami nikaanza kuipigia mahesabu ya spika.

Mzigo ulipakiwa basi asubuhi, ukafika Tabora usiku wa siku hiyo hiyo. Nikiwa stendi nikiusubiri niliwaza makubwa, si unajua tena waandishi. Niliwaza njia hii. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne! Livingstone naye alikaa pale Kwihara, kwenye tembe ambayo sasa ni makumbusho, kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1872 hadi Agosti, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani. Na mimi, kijana wa Kitete, nasubiri saa kadhaa tu. Nikajiona bora kuliko Livingstone. Nikalibeba boksi begani hadi nyumbani kama mpagazi wa Kinyamwezi anayerudi na ushanga.

Kumbe kufika kwa mzigo siyo mwisho wa safari.

Nilifunga vitu mwenyewe, usiku huo huo, mlango umefungwa, ili asubuhi mama akute maajabu. Prosesa ikaingia kwenye soketi bila ubishi. Nikapaka ile dawa nyeupe ya kusaidia joto litoke, nikaweka feni, nikachomeka ramu, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikatoa ramu, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Nyeusi kama usiku wenyewe. Saa tisa alfajiri nilikuwa nimekaa sakafuni, bisibisi mkononi, kijasho chembamba kinanitoka. Shilingi laki tatu za mama zilikuwa mbele yangu na hazitamki hata neno.

Asubuhi nikachukua kasha na kwenda kwa fundi mmoja wa mjini, mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi.

"Mdogo wangu, hii bodi ni ipi?"

"H110, kaka."

"Na prosesa?"

"i3-8100. Zote 1151. Nilihakikisha."

Akatikisa kichwa, akavuta stuli nikae.

"Jina ni moja, idadi ya vijisindano ni ileile, lakini hawa si ndugu. H110 ilitoka na prosesa za kizazi cha sita, ikapokea na cha saba. Hii yako ni ya kizazi cha nane. Intel walibadilisha mpangilio wa umeme kwenye vijisindano. Inaingia, inakaa, feni inazunguka, ila haiwaki ng'o. Inataka bodi za kundi la 300. H310, B360, na wenzake."

"Kwa hiyo nimeibiwa?"

"Nani kakuibia? Aliyekuuzia bodi kakupa bodi nzima. Aliyekuuzia prosesa kakupa prosesa nzima. Ulimwuliza yeyote kati yao kama zinaendana?"

Sikumwuliza yeyote. Ningeuliza ningeonekana sijui. Kuuliza si ujinga, tuliimba hilo tangu darasa la pili, lakini Profesa mzima nitauliza vipi? Hapo, ndugu msomaji, nilichoka.

Njia ya kurudi Kitete niliitembea polepole. Niliwaza kudanganya. Mwandishi hakosi uongo, na nilikuwa na mitatu mizuri: basi limechelewa, kitu kimeharibikia njiani, muuzaji kazima simu. Nilipofika nilimkuta mama barazani anamenya michembe, steshenari imefungwa, jambo ambalo siku ya kazi halitokei. Nikapiga magoti nikamwamkia. Uongo wote mitatu ukanikimbia. Nikamwambia ukweli: nimenunua vitu viwili ambavyo havielewani, kosa ni langu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Uliniuliza mimi nafanya kazi gani na hiyo mashine?"

"Naijua kazi yako, mama."

"Unaijua?"

Akaingia ndani, akatoka na ile bahasha ya kaki, akageuza nyuma na kuandika haraka kwa hati mkato, mikunjo na vistari ambavyo kwangu ni kama nyayo za kuku. Halafu akanisomea, maana mimi msomi sikuweza kusoma. Moja, kuchapa barua na mikataba. Mbili, kuprinti na kuskani vyeti. Tatu, fomu za watoto za mtandaoni. Nne, hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tano, umeme ukikatika, kazi ya mtu isipotee. Sita, tarehe iwe ya leo.

"Katika hayo sita," akasema, "ni lipi linalodai hiyo prosesa yako ya bei?"

Sikuwa na jibu. Tena ona, jambo la tano na la sita, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimkosesha usingizi, sikuyafikiria hata kidogo. Hakuna prosesa duniani, iwe i3 au i9, inayozuia umeme kukatika Kitete.

Wazee wetu walikuwa wapagazi wa njia hii. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30 hivi, umefungwa kulingana na bega na safari. Atakayeubeba hadi pwani ndiye aliyejua uzito wake. Mimi nilikuwa nimemfungia mama mzigo kwa kipimo cha bega langu.

Tukarudi kwa fundi wawili, mama ameshika bahasha. Fundi akamwamkia, akasoma yale mambo sita niliyoyanakili kwa hati ya kawaida, akafurahi kweli kweli. "Wateja wangu wangekuja na karatasi kama hii," akasema, "ningestaafu mapema." Ndipo nikajifunza kuchagua kunafanywaje.

Kwanza, akasema, tazama mbele. Windows 10 ilikuwa na miezi miwili tu ya uhai, kwani Microsoft walikuwa wametangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 wangeacha kuihudumia bure. Na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo kununua prosesa ya kizazi cha saba ili tu ioane na H110 yangu ingekuwa kumrudisha mama kwenye shida ile ile ya kivinjari kukataliwa, ni suala la muda tu. Bodi ndiyo ibadilike, iwe H310. Ina matundu mawili ya ramu, yanatosha. Na ina kile kifuli cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, unakiwasha tu kwenye mipangilio ya mazabodi yenyewe.

Pili, prosesa. Alikuwa na Pentium Gold G5400. Ni kizazi kile kile cha nane, viini viwili badala ya vinne vya i3, na picha za skrini inazitoa yenyewe bila kadi ya ziada. Kwa barua, fomu na hesabu za kikundi, inatosha na inabaki. Akanitahadharisha na mtego mwingine ambao, kwa ujanja wangu ule, ningeuingia siku moja: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha za ndani. Zinauzwa rahisi kidogo, unafurahi, unafika nyumbani huna pa kuchomeka skrini.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza. Akachukua diski ya zamani ya mama, akaitikisa karibu na sikio langu. "Unayesubiri ndoo ijae kisimani unasubiri hii, si prosesa." Diski inayozunguka inatafuta kitu kwa sindano, kama mtu anayetafuta nyimbo kwenye sahani ya santuri. SSD haina kinachozunguka. Mashine ndogo yenye SSD itamfaa mama kuliko mashine kubwa yenye diski iliyochoka.

Tukabadilishana. Bodi yangu akaichukua kwa mteja aliyekuwa na prosesa ya kizazi cha saba, nikaongeza 40,000 nikapata H310. Kwa i3 yangu akanipa G5400 na kunirudishia 50,000. Kwa hiyo kwenye bahasha sasa kulikuwa na 110,000. SSD ya GB 240 ikachukua 65,000. Kisha mama akauliza kuhusu tarehe.

Fundi akatoa kwenye droo betri moja bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Shilingi 2,000 na kuifunga juu. Ndiyo inayotunza saa ya mazabodi umeme usipokuwepo. Ya mama ilikuwa imekufa miaka. Ndugu msomaji, nilitaka ardhi ipasuke. Mwaka 2009 wote ule, kicheko chote cha mtaa, aibu yote ya yule kijana na barua yake, dawa yake ilikuwa 2,000, na mimi mwenye macho nilikuwa nalala chumba cha pili.

Ikabaki 43,000. UPS iliyotumika, yenye betri mpya, ilikuwa 80,000. Mama akaanza kukunja bahasha, akasema hiyo itasubiri msimu ujao. Mimi nilikuwa na akiba yangu, hela ya kuchapishia na kujalidi muswada wangu niupeleke kwa wachapishaji. Nilitoa 37,000. Nisijisifu, nilitoa huku roho inauma. Lakini nilitoa.

Jioni fundi alikuja mwenyewe kumalizia. Diski ya zamani akaiacha ndani pembeni ya SSD ili mafaili yasipotee, na jambo la kwanza mama alilofungua lilikuwa daftari la kikundi. Akapitisha kidole kwenye skrini jina kwa jina, mkopo kwa mkopo, mpaka mwisho, ndipo akashusha pumzi. Pale nikaelewa kwamba siku zote zile alikuwa akihofia fedha za watu, na hakusema.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, umeme ulikatika mama yuko katikati ya mkataba wa kiwanja. Feni ya dari ikasimama. UPS ikaanza kulia pii, pii. Mnunuzi na muuzaji wakatazamana. Mama hakugeuka. Akamaliza sentensi, akahifadhi, akazima kwa utaratibu, akakunja mikono mapajani. "Umeme ukirudi tutaendelea hapa hapa," akawaambia. Ulirudi baada ya saa mbili. Mashine ikawaka, tarehe ya leo, mkataba upo mpaka nukta ya mwisho.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nakuandikia haya wewe msomaji wa kurasa hizi, ambaye pengine unataka kusoma habari za mapenzi au mashairi. Ni kwa sababu ya zile kaunta buku tatu. Baada ya kisa hiki nilizisoma upya. Nikakuta wahusika wangu wote wana maneno makubwa, magari makubwa, Dar es Salaam kubwa ambayo sijaishi, na hakuna hata mmoja niliyemwuliza anafanya kazi gani, anaogopa nini, umeme ukikatika anapoteza nini. Nilikuwa nimewanunulia prosesa za bei wakati hawana pa kuzikalisha. Nimechana kurasa nyingi. Zilizobaki zinatosha kaunta buku moja.

Mama amekubali kunichapia. Ila hakuna upendeleo, wateja wanaolipa kwanza, na mimi nakaa kwenye benchi barazani pamoja na vijana wa mikopo, nasubiri zamu. Juzi alinirudishia ukurasa wa nne, ameuzungushia alama kwa kalamu nyekundu. Pembeni kulikuwa na mkunjo mmoja wa hati mkato. Nikamwuliza maana yake.

"Huyu mama yake yuko wapi?" akasema, na vidole vyake havikusimama.